Mkaguzi Anatafuta

Mjomba anauza magodoro, na tangu Mama apate kiharusi nami nayauza. Kutwa nzima nawasikiliza watu wazima wakibishana kama sponji ni ngumu au laini. Si ulale basi ujue! Lakini siwezi kusema hivyo, mjomba ananitazama kwa jicho la pembeni. Nyumbani Mama hawezi kujigeuza kitandani, wala hana mtoto mwingine. Ndiyo maana niliacha kazi ya hifadhi ya wanyama, kazi niliyoipenda kupita kiasi, nikamwacha Mkaguzi pia.

Mkaguzi ni mbwa. Tulimwita hivyo kwa sababu hakuna gari lililopita getini bila yeye kulinusa, hata la bosi. Nikisema "Tafuta," anatafuta: pembe za ndovu, risasi, nyama ya magendo. Akipata, hukaa kitako, hubweka mara moja, na hanyanyuki mpaka nimsifu. Nilipoondoka aligoma kula, akagoma na kazi. Bosi akasema mbwa wa namna hiyo apelekwe kwa walinzi wa maghala, akafungwe mnyororo.

Leo simu imelia nikiwa navua nailoni ya godoro ili mteja alione. Ni yule dada aliyeshika nafasi yangu.

"Kaka, samahani, najua uko kazini. Mkaguzi hataki hata kuinuka. Nimekuweka sauti ya juu, hebu mwambie wewe."

"Mkaguzi! Tafuta, mwanangu! Tafuta!"

Nikasikia kucha zikikwaruza sakafu.

"Ameinuka! Jamani, kaka, ameinuka!"

Nilifurahi kama mwendawazimu, hata mteja nikamchekea.

"Nimemwonyesha gari... hapana, ameliacha. Ameingia chumba chako cha zamani. Ananusa kitanda. Sasa yuko chini ya kitanda. Kaka, anatafuta nini huyu?"

Alikuwa ananitafuta mimi.

"Anarudi. Ananusa simu. Eh! Amekaa kitako."

Akabweka mara moja. Amenipata.

"Msifu basi, kaka! Anakungoja!"

Nikaziba mdomo kwa kiganja. Nikimsifu, kesho atanitafuta tena, na keshokutwa, na magari ya getini hatayagusa, mwishowe ni mnyororo. Hata kumweleza dada sikuweza, maana neno langu lolote Mkaguzi angelisikia. Nilimsikia akihema karibu kabisa na sikio langu.

"Kaka? Upo?"

"We kijana," mteja akadakia, "hili halitabonyea?"

Mjomba akanikata jicho. Mkaguzi akabweka tena, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nikakata simu, nikamwambia mteja kwamba godoro hili ni imara, halibonyei, na sauti ikanitoka vizuri kabisa.