Kitabu Kilichofukuzwa Madukani

Hajji Muhamood hakukifungua kitabu. Alikigeuza mara moja, kisha akakisukuma juu ya kaunta mpaka kikamgusa Jamilah tumboni.

"Kiswahili," alisema, kama mtu aliyetema mbegu. "Nani atanunua Kiswahili hapa Kasese? Hiyo ni lugha ya askari na wezi. Mimi nauza vitabu vya shule."

"Hata kimoja, Hajji? Kiweke tu hapo mbele. Kikinunuliwa ndipo unilipe."

"Hapo mbele ni mahali pa Kurani na Biblia. Sogea, unawazibia wateja."

Dukani hamkuwa na mteja hata mmoja.

Jamilah alikuwa binti wa sajini. Alizaliwa kambini, na ni kwa Kiswahili alikogombana na kucheza na watoto wa kila kabila. Sasa alikuwa na pikapu, akichukua vitunguu Kinyamaseke na kuvipeleka Bwera, mpakani na Kongo. Riwaya yake, *Mume wa Ng'ambo*, aliichapisha Kampala kwa faida aliyoipata kwenye vitunguu hivyo, na mwaka ule wa 2013 maboksi yalijaa chumbani kwake Bulembia mpaka kitanda kikasogezwa ukutani. Ilimhusu mfanyabiashara wa mpakani mwenye mke Uganda na mke mwingine Kongo, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Supamaketi nayo ilimkataa, eti kitabu hakina ile mistari myeusi inayosomwa na mashine. Akaona heri abebe maboksi pamoja na vitunguu, ajaribu Bwera.

Bwera kulikuwa afadhali. Wakongo waliovuka kununua bidhaa walisoma Kiswahili bila kuona aibu. Wenye maduka kando ya barabara ya mpakani walikubali mali kauli: wakiuza, wanalipa, wasipouza, anachukua chake. Kitabu kikakaa kati ya sabuni na betri, na kikatoka. Jean-de-Dieu, mbadilisha pesa, alikuwa akiwasomea vijana wa boda kwa sauti.

"Mama Jamilah," alimpigia kelele siku moja, "ule bwana ya mu kitabu iko mutu mubaya sana!"

Kisha Jumatatu moja Jamilah akafika na kukuta vitabu havipo popote. Ezironi, mwenye duka aliyekuwa akiviuza kuliko wote, alimtolea gunia kutoka chini ya kaunta. Majalada yalikuwa yamelowa mafuta ya taa.

"Ondoa," alisema.

"Wiki iliyopita uliniomba vingine!"

"Swalik amekataa. Nikiuza kitabu yako, yeye hanipi sukari. Nitakula kitabu?"

Swalik ndiye aliyekuwa na duka la jumla. Sukari, sabuni na mafuta ya barabara ile yote vilitoka kwenye ghala lake. Jamilah alilitupa gunia ndani ya pikapu, akaendesha moja kwa moja mpaka mlangoni pake.

"Umenivua nguo mbele ya mji," Swalik alimwambia kabla hajashuka.

"Jina lako limo wapi?"

"Mtu wa mpakani, ana mali, anavuka kila wiki. Ni nani mwingine?"

"Wangu anauza chumvi, na ana kipara. Wewe una nywele. Umekisoma kweli?"

"Nimesomewa!" Swalik aliwageukia wapakuzi wake. "Toeni takataka yake hapa."

Walilishusha gunia na kulimwaga kwenye matope. Mmoja akakanyaga, kwa makusudi, huku akimtazama machoni. Jamilah aliokota kimoja kimoja. Alitaka kulia, akaona ni bora atukane, akatukana mpaka watu wa boda wakazima injini ili wasikie vizuri.

Siku kadhaa alizunguka na swali moja tu kichwani: ni duka gani Swalik halilishi? Jibu lilikuwa kule alikozaliwa. Kantini ya kambi ililetewa bidhaa kwa lori la jeshi kutoka Mbarara.

"Simama hapo hapo!" mlinzi wa geti aliamrisha. "Gunia iko na nini?"

"Vitabu, afande."

"Ya siasa?"

"Ya ndoa, afande."

"Fungua. Soma, nisikie."

Alisoma akiwa amesimama juani, jasho likimwingia machoni. Alipofika mwisho wa ukurasa akanyamaza. "Nani alikuambia simama?" mlinzi alifoka. "Endelea!"

Kantini iliendeshwa na Nakato, mke wa koplo, ambaye hakumpa hata kiti. Alichukua vitabu, akataka sehemu ya mauzo iliyo kubwa kuliko ya duka lolote la Bwera, na Jamilah akakubali kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Lakini viliuzwa. Wanajeshi walivisoma, wake zao wakavigombania, na waliokwenda likizo wakavibeba. Vingine vilirudi Bwera mifukoni mwa magwanda, ambako Swalik hakuthubutu kupekua.

Ndipo Hamidah alipokuja Bulembia. Alikuwa mke wa Swalik, na aliuza vitenge kwenye meza iliyotazamana na ghala la mumewe. Hakukaa.

"Nani alikuambia habari za mume wangu?"

"Hakuna. Nilitunga."

"Usinichezee. Nimevuka hadi Kasindi, upande wa Kongo, nimemwona huyo mwanamke wake. Mtoto wake ana masikio ya Swalik."

"Wallahi sikujua. Hakuna aliyejua. Angenyamaza, kingebaki kitabu tu."

"Mbona alikihangaikia hivyo? Hilo ndilo lililonipeleka ng'ambo." Hamidah alimtazama kwa chuki isiyofichwa. "Usidhani nakushukuru. Kabla yako nilikuwa nalala usingizi. Nipe boksi."

"Ukavichome?"

"Nikaviuze."

Alivipanga vitabu juu ya vitenge, mahali ambapo Swalik akitoka ghalani lazima avione. Swalik alitoka, akapiga kelele. Hamidah akapaza sauti kumzidi: "*Mume wa Ng'ambo*, mama! Njoo umsome, yuko hapa hapa!" Wapakuzi walisimama wakitazama chini, hakuna aliyethubutu kugusa meza ya mke wa bosi.

Ezironi hakukirudisha kitabu dukani kwake, wala wenzake. Kwa Hamidah kiliisha. Jamilah alipompelekea boksi la pili, alimtolea salamu ya Kiislamu kwa sauti, mbele ya watu. Hamidah hakuitikia. Alilipokea boksi, akakata kamba kwa meno, akamgeukia mnunuzi.