Mama Vifungo

Dalali wa mnada wa samaki alinipigia simu asubuhi: ameletwa taa mkubwa, njoo upesi kabla hajakatwa. Nilifika nikihema. Alikuwa kifudifudi kwenye saruji, mbawa zimetandazwa, mgongo mweusi. Kwa mgongo usijidanganye. Taa wa miambani na binamu yake wa bahari kuu hufanana kama shilingi kwa ya pili. Baba aliwachunguza wote wawili tangu ujana wake, na alinifunza hivi: "Mgeuze kwanza, mwanangu, ndipo useme."

Wote wawili wanakwisha baharini. Lakini mimi, Mungu anisamehe, niliomba awe yule wa bahari kuu. Mdomo mweusi, katikati ya matamvua hakuna doa: huyo angekuwa msiba wa wengine. Wa kwetu ana mdomo mweupe na madoa hadi katikati ya matamvua, na mmoja wao ni Mama Vifungo. Baba ndiye aliyempa jina hilo, kwa madoa yaliyojipanga tumboni kama vifungo vya shati, cha tatu kimekatika. Tangu maradhi yamlaze, Baba hamwulizi daktari lolote. Mimi ndiye ninayeulizwa, kila jioni nikirudi kutoka miambani: "Mama Vifungo yupo?"

Wapakuzi walinisaidia kumgeuza. Mdomo mweupe. Nikapitisha kidole tumboni: doa, doa, pengo.

Nililia pale pale, magoti kwenye maji ya barafu, mbele ya watu wazima na visu vyao.

"Samaki tu huyo, dada," dalali akasema kwa upole.

Nilimporomoshea matusi ambayo mama yangu hakunifunza. Mpaka leo sijamwomba radhi.

Nyumbani, habari zilikuwa zimenitangulia. Baba alikuwa ameegemea mito, macho mlangoni.

"Ni nani?"

"Yule wa bahari kuu, Baba."

"Ulimgeuza?"

"Nilimgeuza."

"Mdomo?"

"Mweusi tii."

Akashusha pumzi, uso ukamlegea. Nikajua uongo wangu umepita, na moyo ukaniuma kuliko kule mnadani. Kisha nikaona machozi yanamtiririka.

"Maskini," akasema. "Na yeye ana wa kumlilia. Njoo ukae hapa."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikajaribu kujikaza, nikashindwa. Nililia mpaka mabega yakatikisika. Baba akanipapasa mgongo taratibu kwa ule mkono wake uliobaki mifupa.

"Lia tu, mwanangu," akasema. "Mlilie kama ni wa kwetu."