Mshipi wa Dympna Breslin

Wanakamati wa gwaride la Mtakatifu Patrick walimkuta Dympna Breslin jikoni mwa ukumbi wa kanisa, akimenya viazi vya watu kama kawaida yake tangu afiwe na mume. Mwenyekiti, Fintan Hargadon, alimvisha mshipi wa kijani, kutoka begani hadi kiunoni, juu ya aproni palepale.

"Mwaka huu unatuongoza wewe, Mama Dympna. Mji mzima umekubali."

"Mji huu? Haujawahi kukubaliana hata baa ipi ina bia nzuri. Nipishe, supu inafurika."

Supu ile ilikuwa ya walio chini. Kila Ijumaa aliiteremsha kwa kamba kwenye bomba la hewa la mgodi wa makaa, na kesho yake akaivuta sufuria tupu, imesuguliwa ikang'aa. Wachimbaji walizibiwa humo kwa ukuta wakiwa hai, Manus, babu yake Dympna, miongoni mwao, miaka mingi iliyopita, siku moto ulipozuka na mwenye mgodi akachagua kuokoa makaa. Sasa walikuwa wafu, na ukuta haukuwazuia. Kilichowazuia ni zamu: mchimbaji haondoki kabla king'ora cha kumaliza kazi hakijalia, na kamba ya king'ora ilikuwa mikononi mwa Bwana Whitcombe, mjukuu wa mwenye mgodi. Mjini watu walilalamika tu kwamba kugonga kwao huko chini kunatikisa vikombe kabatini.

"Nitaongoza," alisema Dympna, "Whitcombe akikubali kukiliza king'ora tukifika jukwaani. Babu apumzike."

Fintan alirudi kabla viazi havijaiva. "Kakubali. Ila miiko unaijua: kiongozi hageuki nyuma."

Siku ya gwaride Dympna alitangulia, kofia ndefu kichwani, fimbo ya mti wa miiba mkononi. Walipopita mdomo wa mgodi, walio chini walitoka kula sikukuu yao, siku pekee ya mwaka waliyopewa ruhusa, wakajiunga mkiani nyuma ya bendi. Alisikia viatu vyao vilivyolowa maji. Kina mama walivuta watoto ili kuwapa nafasi.

"Yule si Cormac Devenney? Mbona hajanenepa?"

"Anenepee wapi, shoga, kwa kabichi za Dympna?"

Jukwaani Whitcombe alikuwa ameshika kamba. Dympna alisimama. Bendi ikanyamaza. Viatu vikanyamaza. Whitcombe akatabasamu, akaiachia kamba, akampungia mkono.

"Mwakani, Dympna. Leo nina wageni, na kelele zile zinaumiza masikio."

Watu walipiga makofi. Dympna alihisi kiganja kizito begani, baridi kama jiwe la kisimani. Hakugeuka. Kiganja kikaondoka, na viatu vikaanza kurudi vilikotoka, bila haraka, kama watu wanaorudi kazini.

Baadaye Fintan alimfungulia kabati la kamati, ambalo hufunguliwa kwa viongozi tu, atundike mshipi wake. Begani ulikuwa na alama nyeusi ya vidole.

"Itatoka ukifua?" aliuliza Dympna.

"Haijawahi kutoka."

Ndani ilining'inia mishipi ya viongozi wote waliomtangulia, mingine imefifia ikawa rangi ya majani makavu. Kila mmoja ulikuwa na vidole vyeusi begani.

"Na wao waliahidiwa?"

"Wote, Mama. La sivyo nani angekubali kuongoza?"

Dympna alitundika wake mwishoni, akarudi jikoni. Vikombe vilikuwa vimeanza kutikisika. Alivisogeza mbali na ukingo wa rafu, akachukua kisu, akaendelea na viazi.