Mama Muzee Akikimbia Cibitoke

Daktari alikuwa mutoto mudogo, hata ndevu hazijamjaa, lakini alinigombeza kama mama mukwe. "Maman, sukari imepanda. Usipotembeza hiyo miguu, siku moja tutaikata." Miguu yangu mi! Miguu iliyozunguka Bujumbura nzima na beseni ya ndagala, samaki wadogo wa ziwa, kichwani, leo ikatwe kwa sababu ya kukaa!

Anayenikalisha ni Danielle, binti yangu. Alisoma, akapata kazi ya benki, akanitoa Cibitoke akaniweka kwake Kinanira, mutaa wa wakubwa, kwenye sakafu ya vigae, na mutu wa kupika na mutu wa kufua. Nikishika ufagio, wananipokonya. "Maman, we pumzika." Nimepumzika mpaka nimeugua, Mungu wangu.

Na yeye je? Jumamosi asubuhi anavaa kaptula nyeupe, anakimbia na wenzake wa maofisini, wanaimba, wanapiga filimbi, hata kama usiku tumelala chini ya kitanda kwa sababu ya bunduki za waasi wa mulimani. Nilienda nao mara moja. Kwenye kona ya kwanza walikuwa wameshaniacha, wimbo nausikia kwa mbali. Nikatembea peke yangu. Kinanira mageti yote yamefungwa, hakuna hata wa kumwambia bonjour. Mama moja akachungulia, akaniambia kazi ya kufua imeshapata mutu. Nililia njiani, sifichi.

Nikasema, basi nitamutafuta Daphrose, bado anakaa Cibitoke. Tuliuza ndagala pamoja miaka na miaka, tunatembea bega kwa bega, tunasengenya watu, tunacheka. Akikubali kutembea na mi kila siku, miguu itapona, na moyo pia.

Nikavaa viatu vya siporo alivyoninunulia Danielle, nikapanda basi mpaka sokoni, nikashika njia ya Cibitoke kwa miguu. Nilipoona avenue yetu ya zamani, nilifurahi jamani! Daktari si alisema nitoke jasho? Nikakaza kitenge, nikakimbia.

Mama wa kwanza aliniona, akatupa mwiko, akanyakua mutoto. Sikuelewa. Wa pili akatoka na godoro. Kufumba na kufumbua avenue nzima imejaa watu na masufuria, wanakimbia mbele yangu. Yampayinka, vita vimefika! Nikaogopa, nikaongeza mbio nyuma yao. Wao wakigeuka wananiona bado nakimbia, na wao wanazidisha.

Kwenye kiwanja cha kanisa pumzi zikatuishia. Mwanaume moja akanishika mukono.

"Maman, wako wapi?"

"Nani?"

"Wenye kupiga!"

"Mi sijui. Nimeona nyinyi munakimbia."

"Apana! Sisi tumeona we!"

Ikabidi niseme. "Nilikuwa nafanya siporo."

Wee! Matusi niliyopata siku hiyo sitayarudia. Na walikuwa na haki. Bwana wa Kinanira akikimbia na kaptula, ni siporo, hata askari anampisha. Mama muzee wa kitenge akikimbia Cibitoke, hakuna wa kuuliza, unabeba watoto unaondoka. Mi nilijua hayo vizuri kabisa. Nimekaa kwenye vigae mpaka nimesahau.

Daphrose alikuwa kati yao. Alikuwa ameanguka pale kiwanjani na beseni yake, ndagala zote ziko mu vumbi.

"Mama Danielle? Ni we?"

Nikakaa chini karibu naye, nikamweleza sukari, daktari, miguu. "Tutembee wote wawili, Daphrose. Kama zamani."

Akaangalia viatu vyangu, akaangalia miguu yake, imevimba, ngozi ya kisigino imepasuka. "Toka asubuhi niko natembea. Musaga, Bwiza, sokoni. Nimefika nyumbani, naweka miguu mu maji, unanikimbiza. Sasa unataka nitembee tena, bila kuuza kitu?"

"Kwa afya."

"Afya yangu inataka kulala. Tembea na wenzako wa kule, ma chère."

"Sina wenzangu kule."

Akainuka kwa kushika goti, akaanza kuokota ndagala moja moja, anazipuliza vumbi. Nikainama nimusaidie. Akausogeza mukono wangu polepole, bila hasira.

"Acha. Utachafua viatu."

Nilirudi kwa miguu njia yote, mpaka Kinanira juu kabisa. Danielle alinikuta getini, akapiga makofi.

"Maman! Jasho lote hilo! Umefanya siporo?"

"Nimefanya."

"Na nani?"

"Na Daphrose," nikamwambia.