Sanduku la Nambari Kumi na Nne

Dagrún aliweka karatasi juu ya mnofu wa samaki aliokuwa akiukagua Hallfríður, juu ya kile kioo chenye taa chini yake cha kutafutia minyoo, na mwanga ukapenya hadi maandishi ya upande wa pili yakaonekana.

"Sanduku lako limerudi," akasema, akachukua kisu chake na kuhamia meza ya mwisho, kwa wasichana wa Kipolandi.

Kiwandani kwetu neno hilo linauma. Kila mkataji ana nambari yake, na kila sanduku la minofu hufungwa na kikaratasi cha nambari hiyo ndani. Mnunuzi akikuta mnyoo, sanduku hurudishwa, na aliyelifunga hulifungua mbele ya wenzake. Kwa miaka ishirini na saba Hallfríður, nambari kumi na nne, alirudishiwa sanduku mara moja tu, na mwezi huo alikuwa ametoka kumzika mumewe.

Lakini lililorudi sasa halikuwa samaki. Ilikuwa karatasi ya Chama chetu cha siasa, ya kampeni za uchaguzi uliopita: tukishinda, wananchi wataulizwa kwa kura ya maoni kama mazungumzo ya kujiunga na Umoja wa Ulaya yaendelee au yafe. Hallfríður ndiye aliyezisambaza mtaani, nyumba sitini na mbili, na kwa mazoea yake chini ya kila moja aliandika kwa kalamu: Hallfríður, 14. Hakuna aliyemtuma. Aliona tu si vizuri kumpa mtu kitu kisicho na mwenyewe.

Hallfríður Ulaya haitaki hata kuisikia. Samaki wetu, bahari yetu, basi. Dagrún anaitaka. Walibishana miaka nenda miaka rudi huku wakinywa kahawa ya chupa moja, na Dagrún hakuwahi kukipa Chama kura yake mpaka mwenzake alipomwambia uso kwa uso, "Utaulizwa." Chama kikashinda, kikaingia serikalini, na sasa wakubwa wake huko mji mkuu, Reykjavík, wanasema mazungumzo yafutwe na hakuna haja ya kumuuliza mtu. Chama chenyewe kikapasuka. Wengine walisema tuliahidi, wengine wakasema hali imebadilika. Kila tawi liliambiwa lipeleke msimamo wake, na letu lilipanga kukutana Jumamosi saa sita mchana.

Ijumaa Ketill, mwenyekiti wa tawi na mdogo wa marehemu mume wa Hallfríður, alimpitia nyumbani. Alimsifia kahawa, akamsifia maandazi yake ya kusokota, kisha akamwomba kesho mkutanoni asitoke jikoni. Usiku ule Hallfríður aliona aibu kama mtu aliyekutwa akiiba, na asubuhi aliamka aibu imekuwa hasira.

Jumamosi alipika kahawa kama kawaida, miaka kumi na tisa ndiyo kazi yake kwenye mikutano ya tawi. Ketill aliposoma azimio kwamba kura ya maoni haihitajiki, na mikono ikaanza kujisugua kwenye mapaja ikisubiri kunyooshwa, Hallfríður akatoka jikoni na aproni yake. Hakuwahi kusema neno mkutanoni. Magoti yalimtetemeka, na sisi wa mbele tuliyaona.

"Shemeji," Ketill akamwahi, "wewe si unaipinga Ulaya kuliko sisi sote? Sasa kura unaitakia nini?"

"Niipige Hapana," akasema. "Hapana ni yangu. Sijamtuma mtu aniandikie."

Watu wakacheka, naye akangoja wamalize. Kisha akaweka ile karatasi ya Dagrún mbele ya mwenyekiti na kumwonyesha nambari yake kwa kidole chenye makovu ya kisu. Sanduku limerudi, akasema, na ndani mna mnyoo, na aliyelifunga ni yeye. Kwa hiyo analifungua hapa mbele yetu. Anayetaka kulamba matapishi yake alambe, yeye hawezi. Akabaki amesimama.

Tukanyoosha mikono. Ishirini na mmoja wakaunga mkono azimio, kumi na wanane tukalikataa. Wangu ulikuwa juu pamoja na wa Hallfríður, na Ketill hatusalimii hadi leo.

Nilidhani atatupa aproni na kuondoka. Wapi! Alivikusanya vikombe, akaviosha vyote na kuvipanga, kwa kuwa vikombe havikuwa na kosa. Kisha akachukua daftari, akapiga mistari, akaandika juu: Sisi tulioahidiwa kuulizwa, tunataka kuulizwa. Akawa wa kwanza kutia jina lake, na nambari, akatoka nje kwenye theluji.

Alirudia nyumba zile zile kwa mpangilio ule ule. Kila mlango maneno yalikuwa yale yale: nilikwambia utaulizwa, hutaulizwa, na aliyekwambia ni mimi. Wengine walitia sahihi. Mmoja alimfungia mlango usoni, na mzee mmoja alimpa kipande cha samaki mkavu atafune njiani. Hakukaa kwa mtu hata mmoja.

Nyumba ya hamsini na moja ilikuwa ya Dagrún. Alifungua nusu, akasimama kwenye upenyo.

"Tumeshindwa," Hallfríður akasema.

"Nimesikia. Nimesikia hata habari ya magoti yako."

Hallfríður akamnyooshea daftari. Dagrún akasoma mstari wa juu, akasoma majina, akachukua kalamu. Haikuandika, wino ulikuwa umeganda kwa baridi. Akaikumbatia kwa viganja viwili, akaipulizia pumzi polepole, mlango ukiwa wazi na joto la nyumba likitoka nje bure, mpaka wino ukashuka. Akaandika jina lake. Akafikiri kidogo, akaongeza pembeni nambari yake: 9.

"Zimebaki ngapi?"

"Kumi na moja."

Dagrún akaitia kalamu kwapani isigande tena, akanyoosha mkono nyuma ya mlango kuchukua koti.