Jiko Nyuma ya Mlango

Adongo alikuwa na mtungi wa gesi, tena ulisimama karibu na mlango ili jirani akipita koridoni asikose kuuona. Aliupangusa kila asubuhi. Kilichokosekana ni gesi yenyewe, iliyoisha tangu Pasaka. Lakini nani hapo mtaani Kware angejua? Alipotaka kupika alifunga mlango, akashusha pazia, akawasha jiko la makaa humo humo chumbani. Makaa yakipungua aliongezea vipande vya mbao zenye rangi, ambavyo Owiti mumewe aliviokota kwenye karakana alikofanya kibarua. Ukuta ulipoanza kuwa mweusi aliufunika kwa vitambaa vyeupe vya kufuma. Wageni walisema nyumba inang'aa, naye akapokea sifa bila kupepesa macho.

Asiyefunikika kwa kitambaa alikuwa Awuor, binti yake mdogo. Mtoto alikohoa mpaka mbavu zikajichora. Kule zahanati muuguzi aliuliza, "Mnapikia nini nyumbani?" Kageha, jirani wa mlango wa mkabala, alikuwa kwenye foleni nyuma yao. Adongo akajibu upesi, "Gesi, sista." Wakapewa dawa ya kikohozi, wakaenda zao.

Na ni Adongo huyu huyu aliyempigia mama mkwe simu mwezi wa Desemba mwaka huo huo, akamwambia bila haya, "Mama, Awuor haji huko likizo. Jikoni mwako mna moshi, utamuua." Mama Norah akasema, "Haya, mwanangu."

Agosti iliyofuata Mama Norah akaja mjini mwenyewe kumwona mjukuu. Kwa mila yao hangeweza kulala katika chumba cha mwanawe, basi alilala kwa mpwa wake mtaa wa Baba Dogo, akawa anakuja mchana. Siku moja, Adongo akimwogesha mtoto, mama mkwe aliona vitambaa vimefifia, akaamua kuvifua. Akachomoa pini za cha kwanza.

Ukuta ulikuwa mweusi kama kitako cha sufuria, rangi imevimba na kubanduka. Mama Norah akapitisha kidole, akakitazama. Mwanamke aliyepikia kuni maisha yake yote hafundishwi masizi. Adongo alisimama na mtoto aliyejaa povu, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Hapo ndipo Kageha alipoingia kuazima pasi. "Ai! Mama Awuor, na hii wall imekuwa black hivi?"

Adongo akafungua mdomo.

"Ni mimi, binti yangu," Mama Norah akasema. "Nimewasha jiko humu ndani. Mazoea ya kijijini."

"Eh, mathe! Na vile huyu mtoto anakohoa? Huku tunatumia gesi. Hiyo moshi yenu ya ushago itamuua, walai!"

"Nisameheni," mama mkwe akasema, kichwa chini.

Adongo akamwacha mama mzima, mwenye mvi, aombe radhi kwa kosa lisilo lake. Kageha alipoondoka, Adongo akamgeukia mama mkwe.

"Mama, kwa nini umesema hivyo?"

"Mke wa mwanangu hatachekwa mimi nikiwa nimekaa hapa." Mama Norah akaloweka kitambaa kwenye beseni. "Uliponipigia simu ile Desemba, nilimwita fundi. Akanijengea jiko lenye bomba la kutolea moshi, akapanua na dirisha. Nimekuwa nikingoja uniulize kama mtoto anaweza kuja."

Adongo akalia. Kisha akalivuta jiko kutoka chini ya kitanda, akalibeba hadi koridoni, akagonga mlango wa Kageha.

"Si Mama," alisema. "Ni mimi. Gesi iliisha kitambo."

Kageha alilitazama jiko, kisha macho yake yakahamia kwa Mama Norah, ng'ambo ya korido.

Kesho yake walirudi zahanati. Muuguzi alikuwa yule yule. Mama Norah alikuwa amempakata Awuor, na watu kwenye benchi walitega masikio kama kawaida ya watu wa foleni.

"Mnapikia nini nyumbani?"

"Makaa," Adongo akasema, kwa sauti ya kusikika. "Na mbao za rangi. Ndani, mlango ukiwa umefungwa. Ile siku nilikudanganya."

Muuguzi hakumkaripia, na hilo lilimuuma zaidi. Aliweka kipimo chake kwenye kifua cha mtoto, akasikiliza kwa muda mrefu, kisha kwenye kadi ya mtoto akakata neno "gesi" na kuandika "makaa".