Ngwe ya Mkwe

Mwaka ule tulipohamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, mjukuu wangu Dina alimaliza darasa la saba, na hakuchaguliwa kwenda sekondari. Hakulia. Alifunga daftari zake kwa kamba, akaziweka juu ya dari, akachukua jembe. Mimi ndiye niliyekuwa nahema badala yake.

Baba yake, mwanangu, alikuwa amekufa. Mama yake aliolewa tena huko Manyoni, akaniachia mtoto. Kwa hiyo habari zake zilikuwa mikononi mwa shemeji yangu Mathayo, mkubwa wa ukoo, mtu ambaye hana ubaya ila hana subira. Watu wa Itigi walikuja kwake kuulizia posa. Mathayo akaja kwangu, akaketi, akaomba maji.

"Shemeji, mtoto hasomi, haolewi. Anakaa tu kama mzigo ulioachwa stesheni."

"Padre ametangaza," nikasema. "Chuo cha uuguzi cha misheni kinachukua wasichana wa darasa la saba. Kuna mtihani kabla ya Pasaka."

Akanywa maji mpaka yakaisha. "Akishinda, aende. Akishindwa, wale wa Itigi nitawaambia walete ng'ombe. Nisisikie tena habari ya kusubiri."

Hayo ndiyo yaliyonitoa nyumbani. Kiswahili Dina anakijua, anaandika vizuri kuliko katibu wa kijiji. Hesabu ndizo zilizomshinda, hasa zile za sehemu na asilimia. Mimi nilisoma kwa masista mpaka darasa la tatu, nikaishia kwenye kugawanya. Nilimtazama anavyotafuna kalamu nikaona hapa anatakiwa mwalimu, na mvua zimeshaanza, na Pasaka haimsubiri mtu.

Nilianza kwa mwalimu Bonifasi, mkuu wa shule yetu mpya. Nilimkuta amelala juu ya dawati, viatu amevivua.

"Shikamoo, mama," akasema bila kufungua macho yote mawili.

"Marahaba, mwanangu. Pole."

"Asante. Mama, najua ulichokuja nacho. Dina mwenyewe aliniambia. Asubuhi nafundisha madarasa mawili katika chumba kimoja. Mchana shamba la shule. Jioni nafundisha watu wazima, na wewe mwenyewe uliacha kuja."

"Miguu, mwanangu."

"Basi na mimi ni miguu."

Sikumlaumu. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa jikoni penye kuni mbichi.

Nikaenda Ilongero kwa mzee Antipasi, katekista aliyestaafu. Kwenda ni kutwa, kurudi ni kutwa, na jua la kwetu mnalijua. Yeye alikubali mara moja, akafurahi hata kupata mtu wa kuzungumza naye. Dina akakaa kwake juma zima, akarudi akiwa amekonda.

"Amekufundisha nini?"

"Pauni na wakia, bibi. Inchi na futi. Na shilingi za zamani za mfalme."

"Na mtihani utauliza nini?"

"Kilo na mita." Akaketi chini mlangoni. "Bibi, sasa hata nilizokuwa najua zimechanganyikana."

Hapo ndipo binti yangu Theresia aliponicheka. "Mama, unazunguka nchi nzima na mtu wa hesabu analala mbele ya mlango wako."

Alimaanisha mume wake. Na hapo panahitaji maelezo, kwa sababu vijana wa leo mnasalimiana na wakwe zenu kwa mikono kama wenzenu wa shule.

Mkwe wangu huyo jina lake silitaji. Watu wanamwita Baba Lazaro, nanyi mwiteni hivyo. Alikuwa karani wa mizigo stesheni ya Itigi, anapima, anaandika, treni linaondoka. Baadaye akarudi kwao, na tulipohamishwa wakampa kazi ya kutunza duka la kijiji. Kwa desturi yetu mama mkwe na mkwe hawasemezani, hawaangaliani usoni, hawali nyumba moja. Mkikutana njiani mmoja anaingia porini. Tulipokuwa tunakaa kwenye makazi yetu ya zamani, porini palikuwepo. Lakini watu wa uhamisho walipima kijiji kwa kamba, nyumba mistari miwili, barabara katikati, wakanipa kiwanja kinachotazamana na chake, mlango kwa mlango. Nikatoboa mlango wa nyuma ili nitokee huko. Mwenyekiti akanigombeza kwamba naharibu mpango wa kijiji. Nikamwambia mpango umeniharibu mimi kwanza.

Basi nikamtuma Theresia kwa mumewe. Jibu likaja kesho yake.

"Anasema anasikitika, mama. Asubuhi yuko kwenye ngwe yake shamba la kijiji. Akitoka huko anafungua duka mpaka jua lizame. Siku nyingine mgambo. Anasema siku yake haina nafasi. Angekuwa na asubuhi, angemfundisha."

Maneno hayo niliyaweka kichwani. Angekuwa na asubuhi. Ngwe ndiyo iliyokuwa inakula asubuhi yake, na ngwe ni kipande cha shamba tu, unapimiwa, unalima, unaondoka. Haijali ni mkono wa nani.

Kulipopambazuka nikachukua jembe nikaenda shamba la kijiji. Kwanza nikalima ngwe ya mkwe, halafu ndiyo yangu. Udongo wetu ni wa mchanga, mwepesi, lakini magugu ya mtama yalikuwa yameshika. Nilikuwa nusu ya ngwe yake wanawake walipoanza kufika.

"Mama Theresia, umepotea?" akauliza Yunisi, jirani yangu, mwanamke asiyejua kusema polepole. "Yako si ile ya kule?"

"Naiona."

"Hii si ya Baba Lazaro?"

"Ni ya kijiji."

Akasimama, akaegemea jembe lake. "Haya, jamani. Leo mkwe amepata mama wa kumlimia. Kesho atamchungia na ng'ombe."

Wakacheka. Mwingine akasema, "Labda ndiye aliyeolewa," wakacheka tena, na mimi nikaendelea kulima kwa sababu mgongo ukishainama ni heri uendelee. Nilipomaliza niliona mtu amesimama kule mwisho wa shamba, jembe begani. Nikageuza uso upesi. Alisimama kidogo, halafu akarudi alikotoka. Nikafurahi. Nikasema moyoni, sasa ana asubuhi.

Mchana Theresia akaingia kwangu bila hodi.

"Mama, mume wangu amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Mbona umemtukana mbele ya kijiji kizima? Hakufungua duka. Amelala ametazama ukuta. Anasema umewaambia watu wote kwamba hakukulimia."

Nikakaa chini. Mjue kwamba kwetu mwanamume anayeoa hulima shamba la mama mkwe, misimu kadhaa, mpaka aonekane ana nguvu na ana adabu. Huyu alipomwoa Theresia alikuwa stesheni, hana ruhusa ya kutoka. Alituma wadogo zake wakalima kwa niaba yake. Sisi tulipokea, hatukusema neno, na mimi nilikuwa nimekwisha sahau. Yeye hakusahau. Alikaa nalo miaka yote hiyo kama mwiba uliozama, na mimi nikaja na jembe langu nikaugonga. Mama mkwe kumlimia mkwe ni kumwambia: wewe hukunilimia, nakuonyesha kulima kulivyo.

"Mimi nilitaka asubuhi yake tu," nikasema.

"Kamwambie mwenyewe basi," akasema Theresia. Halafu akakumbuka haiwezekani, akashika kichwa.

Jumapili baada ya ibada akatupanga. Mimi nikaingia jikoni kwake kwa nyuma, nikakaa juu ya kigoda, mgongo kwenye ukuta. Mumewe akakaa chumba cha mbele. Theresia akasimama mlangoni katikati yetu. Ukuta wenyewe ulikuwa wa fito na udongo haujakauka vizuri, mtu akikohoa huku unasikia kule.

"Mwambie mama," sauti yake ikasema, "sikushika jembe kwake kwa sababu nilikuwa kazini. Si uvivu."

"Mama, anasema—"

"Nimesikia."

"Mama, hutakiwi kusikia."

"Haya. Sema."

Akasema yote upya. Nikajibu, "Mwambie sikumtukana. Alisema angekuwa na asubuhi angemfundisha Dina. Nikamtafutia asubuhi."

Theresia akafungua mdomo arudie, mumewe akamkatiza. "Asubuhi yangu?"

"Mama, anauliza—"

"Mwambie ndiyo. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Nina mgongo, nao umebaki kidogo. Mtoto akishindwa anaolewa Itigi."

Kule ng'ambo nikasikia kitu kama kikohozi, kumbe mtu anacheka, cheko la mtu aliyechoka ambalo halitoki nje ya kifua. "Mwambie mama, kama angekuwa mwenyekiti, kijiji hiki kingeshakufa shambani."

Sikungoja Theresia. Nikacheka na mimi.

Halafu akaongea taratibu. Alisema aibu aliyoipata itakaa naye, kwa hiyo ngwe yake nisiiguse tena, hata iote miti. Lakini Dina aje alime naye. Hesabu haihitaji meza. Watalima bega kwa bega na yeye atamsomesha kwa mdomo, na penye kuandika wataandika chini. Jembe lisisimame tu, mwenyekiti asije akasema.

Mwenyekiti alisema hata hivyo. "Hapa ni shamba au shule?"

"Ni shamba, ndugu mwenyekiti," akajibu Baba Lazaro. "Hesabu ni magugu."

Mimi nilikuwa kule kwenye ngwe yangu, mbali, nimetazama upande mwingine, lakini upepo ulikuwa unaleta. Umepalilia mistari minane katika ishirini, ni asilimia ngapi? Jembe, jembe. Nane katika ishirini. Dina anasema hajui. Fanya ishirini iwe mia, umeizidisha mara ngapi? Jembe, jembe. Siku za kwanza alikuwa anarudi nyumbani midomo imekauka, hataki kula, anasema yule mume wa shangazi ana roho ngumu kama chuma cha reli. Siku nyingine alilia palepale kwenye mtama, na yule bwana akamngoja amalize, akamuuliza swali lilelile.

Yunisi ndiye aliyeshika asilimia kabla ya Dina. Alikuwa analima jirani nao. Siku moja nikamsikia anamwambia mumewe, "Umelima robo, umepumzika robo tatu, toa jibu." Hakuna aliyenicheka tena, au labda walichoka.

Palizi ikaisha. Dina akapanda lori la misheni akaenda mjini kufanya mtihani, akarudi. "Nimejaza zote," basi. Pasaka ikapita. Mathayo akapita mara moja, akaangalia mlango, hakuingia. Watu wa Itigi wakatuma salamu. Nikajibu salamu kwa salamu. Mwili wangu ulikuwa umechoka namna ambayo kulala hakuiondoi. Niliamka nimechoka, nikateka maji nimechoka, nikaombea mtoto huku nasinzia, Mungu anisamehe.

Dina alikuja mwenyewe kuniambia. Nilikuwa napepeta uwele nyuma ya nyumba. Alitoka kwa padre anatembea polepole, nami nikadhani tumeshindwa, nikaanza kupanga jinsi ya kumpa pole.

"Bibi. Nimechukuliwa."

"Uuguzi?"

"Uuguzi. Naondoka mwezi ujao. Na babu Mathayo amekwisha ambiwa, padre alimkuta njiani. Amesema sawa."

Nikaweka ungo chini. "Umekula?"

"Bibi, huna neno?"

"Ninalo. Liache kwanza."

Nikaingia ndani, nikatandika ngozi ya ng'ombe, nikajinyoosha. Jua lilikuwa kali, mlango wazi, kuku wanaingia na kutoka, na mimi tangu niolewe sijapata kulala mchana bila homa. Nikasikia Theresia amefika nje anauliza, "Mama anaumwa?"

"Hapana," Dina akasema. "Amelala tu."